Nyani au Sokwe? Somo Kutoka Safarini

Alfajiri na mapema sisi wanachama tuliabiri basi la shule kutoka Nyeri hadi Ol Pejeta, karibu na Nanyuki. Huko kuna makao ya sokwe waliookolewa, yaliyofunguliwa mwaka wa 1993.

Nilipomwona wa kwanza nikapiga kelele, "Jamani, tazameni nyani!" Mwelekezi akatabasamu. "La, mwanangu. Nyani ana mkia, huyu hana. Ni sokwe." Kumbe Kenya haina sokwe wa mwituni! Wa kwanza waliletwa kutoka Burundi kwa sababu ya vita. Niliona haya. Nilikuwa nimemcheka mkimbizi.

Alasiri, tukirudi, tulipitia pango la Mau Mau katika msitu wa Burguret. Wapiganaji walijificha humo miaka ya hamsini. Mkoloni aliwaita magaidi, sisi twawaita mashujaa. Hata hivyo, marufuku juu ya Mau Mau iliondolewa mwaka wa 2003 tu.

Haya basi, somo letu: sokwe, nyani, gaidi na shujaa, yote ni ngeli ya A-WA. Sarufi haitakusahihisha ukikosea jina. Uliza kwanza, ndipo uite.