Mapishi ya Nchi Kavu: Chungu cha Lodwar

Walimu na makarani wanaohamishiwa kaskazini ya Kenya hulalamika kwamba Lodwar hakuna chakula. Twaona maneno hayo si kweli. Chakula kipo, kilicho haba ni maji na kuni, na kila pishi hupimwa kwa vitu hivyo viwili.

Mji huo, ulio makao makuu ya Kaunti ya Turkana tangu mwaka 2013, u kando ya mto Turkwel, mwendo wa kilometa 300 hivi kutoka Kitale. Ulihesabiwa kuwa mbali sana, hata Serikali ya kikoloni ikamweka humo Bwana Jomo Kenyatta mwaka 1959. Mboga zitokazo Kitale hufika zimenyauka na bei yake imepanda.

Mgeni hutaka kupika kama kwao. Huinjika pure, ambayo Wakikuyu waiita githeri, akachochea moto tangu asubuhi. Jioni makaa yamekwisha na madumu ni matupu. Na aroweke mahindi na maharagwe yake usiku kucha, kisha ayafunike vema yachemkapo. Lakini afadhali zaidi aende kwa mama wa Kiturkana akajifunze, wala asione haya.

Mama huyo hupika wakati wa neema kwa ajili ya wakati wa dhiki. Mvua inyeshapo na maziwa kuwa mengi, huyachemsha, akayaanika juu ya ngozi hata yakawa unga, uitwao edodo. Unga huo hukaa muda mrefu bila kuharibika. Wakati wa kuutumia hutiwa maji kidogo tu. Nyama huikata vipande virefu vyembamba, akaikausha juani, kisha akaikaanga na kuiweka katika mafuta. Tunda la mkoma hutwangwa, na unga wake huchanganywa na maziwa au damu. Samaki wa ziwa huanikwa vivyo hivyo. Jua lile lile tulilamikalo ndilo ghala lake.

Sasa kuna jambo ambalo machifu hawana budi kulitazama sana. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Katika taabu kama hiyo watu hurudia matunda ya porini, nayo mbegu za miti ya edung na edapal huliwa. Mbegu hizo ni chungu, na zisipoiva vema hudhuru tumbo. Sharti zichemshwe, maji yamwagwe, yatiwe mengine, zichemshwe tena, na tena, mara nyingi. Kwa hiyo chakula cha ukame chataka maji mengi wakati ambapo maji ni machache kuliko wakati wote! Mwenye kugawa maji akihesabu ya kunywa peke yake, mama mwenye watoto wenye njaa atapunguza kuchemsha. Basi maji ya chungu nayo yahesabiwe, na kuni zake vilevile. Mathenge, mti ulioletwa kutoka ng'ambo ukaenea kila mahali, wafaa kwa kazi hiyo.

Walimu nao wawafundishe wasichana na wavulana kipimo cha mabibi zao, ambacho hakihitaji saa wala mizani: mbegu moja hutolewa chunguni, hupoa, huonjwa kwa ncha ya ulimi. Uchungu ukiwapo bado, maji humwagwa na chungu hurudi mekoni.