Hesabu ya Majani Tumboni mwa Ng'ombe

Kwa mkulima wa Nyakasimbi, mgomba na ng'ombe hutegemeana. Ng'ombe huupa mgomba samadi, na shamba humpa ng'ombe majani, maganda ya ndizi na mabua. Lakini katika kiangazi cha Juni hadi Agosti huonekana jambo la kushangaza: tumbo la ng'ombe limejaa, naye anakonda na maziwa yanapungua. Somo hili laeleza sababu yake kwa hesabu ndogo, pamoja na njia za kuzuia hasara hiyo.

Kazi ya tumbo la kwanza

Tumbo la kwanza la mnyama anayecheua ni kama mtumbwi wa rubisi. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hukichachua chakula, na gesi hutoka. Mtumbwini twapata pombe. Tumboni hupatikana asidi ambazo damu huzichukua ili kumpa ng'ombe nguvu na maziwa. Vijidudu vyenyewe, vikisukumwa mbele pamoja na chakula, huyeyushwa na kuwa protini yake. Kwa hiyo anayemlisha ng'ombe hulisha vijidudu kwanza.

Jinsi wataalamu walivyopima

Mwaka 1979, E. R. Ørskov na I. McDonald, huko Uskoti, walichapisha hesabu ambayo baadaye ilitumika sana kwa majani ya mifugo. Chakula hutiwa katika vifuko vya nailoni, vifuko huwekwa katika tumbo la kwanza la mnyama aliye hai, kisha hutolewa baada ya saa kadhaa ili kupima kilichobaki. Mwaka huohuo K. H. Menke na wenzake, Ujerumani, walieleza njia ya kupima gesi itokayo majani yanapochachuliwa ndani ya bomba la kioo.

Chakula kina sehemu tatu. Sehemu A huyeyuka mara moja. Sehemu B huchachuka polepole. Iliyobaki haichachuki kamwe. Kila saa vijidudu huchachua fungu fulani la B iliyobaki; fungu hilo tuliite C. Lakini chakula hakingoji: kila saa fungu jingine, K, husukumwa mbele likiwa halijachachuka. Basi chakula kinachochachuliwa ni:

A + B × C ÷ (C + K)

Mfano

Tuchukue namba za kujifunzia. Kila aina ya matete ina sehemu 100, na K ni 2 katika 100 kwa saa.

Matete machanga: A ni 20, B ni 48, C ni 6.
20 + 48 × 6 ÷ 8 = 56

Matete yaliyokomaa: A ni 12, B ni 44, C ni 2.
12 + 44 × 2 ÷ 4 = 34

Ng'ombe wa kilo 400 akila kilo 10 za matete machanga, uzito wa majani makavu, vijidudu hupata kilo 5.6. Akila kilo 10 za yaliyokomaa, hupata kilo 3.4 tu. Ili kufikia kilo 5.6 ingempasa kula zaidi ya kilo 16, nazo hazimwenei tumboni. Tena majani magumu hukaa humo muda mrefu na kumzuia kula mengine. Ndiyo sababu hukonda hali ameshiba.

Yafaayo kufanywa

1. Kata matete yakiwa na urefu wa mita 1 hivi. Usingoje yawe marefu kwa tamaa ya kupata mzigo mkubwa.

2. Changanya majani magumu na marando ya viazi vitamu, lukina au kaliandra. Protini ikiwa chini ya 7 katika 100, vijidudu hudhoofika na C hupungua.

3. Mabua ya mahindi yakusanye mara baada ya kuvuna, uyaweke pasiponyesha mvua. Yakatekate, umwache ng'ombe achague majani yake. Mashina anayoyaacha yapeleke migombani.

4. Shina la mgomba ni maji kwa zaidi ya sehemu 9 katika 10. Lafaa kumpunguzia kiu, bali halitoshi kuwa chakula.

5. Ukibadili chakula, badili kidogo kidogo kwa muda wa wiki 2, ili vijidudu vizoee.

Zoezi

Andika daftarini urefu wa matete siku ya kukata na maziwa ya kila siku. Lisha majani ya urefu mmoja wiki 3, kisha ya urefu mwingine wiki 3. Linganisha maziwa ya wiki ya mwisho ya kila kipindi, ukikumbuka kwamba maziwa hupungua kadiri ndama akuavyo.

Maswali

1. Kwa nini ng'ombe aweza kukonda hali tumbo limejaa?
2. Majani yenye A 16, B 40 na C 6, K ikiwa 2, yatachachuliwa sehemu ngapi? (Jibu: 46.)