Mama anabishana na watu tusiowaona: ni uzee au ni tramado?

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 78. Mwezi uliopita aliteleza bafuni akavunjika nyonga, akapasuliwa, na sasa tunamuuguza nyumbani. Aliandikiwa tramado za miligramu 50, kimoja kutwa mara tatu, lakini maumivu yalipozidi tukaanza kumpa viwili viwili mara nne. Usiku tunamwongezea Piriton ili alale. Tangu wiki iliyopita anamwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake aliyefariki, usiku anabishana na watu tusiowaona, na asubuhi anakuwa mzima kabisa. Shangazi anasema ni uzee. Dada yangu anataka dawa zote zitupwe. Tumsikilize nani? – Msomaji, Muheza

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Wote wawili wamekosea, ingawa dada yako amekaribia zaidi.

Nianze na hiyo asubuhi ambayo mama anakuwa mzima. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ule ambao shangazi anauita uzee, hauji kwa wiki moja. Hunyemelea miezi na miaka: mara kasahau alipoweka funguo, mara kaunguza mboga, mwishowe anapotea njia ya sokoni aliyoipita maisha yake yote. Mtu aliyekuwa anahesabu chenji yake bila tatizo mwezi uliopita, akaanza ghafla kuweweseka usiku na kutulia asubuhi, huyo amepatwa na dharura. Kuna kitu kimeuvuruga ubongo, na mara nyingi kikiondolewa akili hurudi.

Sasa tupige hesabu. Tramado ni ya jamii ya afyuni, ukoo mmoja na kodeini na mofini. Viwili vya 50 mara nne ni miligramu 400 kwa siku. Hicho ni kikomo cha mtu mzima ambaye hajazeeka. Aliyevuka miaka 75 hatakiwi kuzidisha 300, na figo zikiwa zimechoka sana kikomo ni 200, dozi zikiachana kwa saa 12. Figo za mtu wa miaka 78 hazichuji kama zako, kwa hiyo dozi ya mchana huikuta ya asubuhi bado imo mwilini. Isitoshe, tramado inaweza kushusha sodiamu kwenye damu, hasa kwa mzee anayemeza vidonge vya presha vya kukojoza, na sodiamu ikishuka mtu huchanganyikiwa.

Kuhusu Piriton hukuniuliza, lakini ndiyo iliyonishtua. Kwa kuwa hata watoto hupewa wakishikwa na mafua, hakuna anayeihesabu kuwa dawa. Kwa mzee ni habari nyingine. Inaizuia kemikali ambayo ubongo unaitegemea kushika kumbukumbu, inakausha mdomo, inabana mkojo na kufunga choo. Tramado nayo inafunga choo. Je, mama amepata choo lini mara ya mwisho? Mzee aliyekaa siku kadhaa bila choo, au aliyejaa kibofu na mkojo hautoki, anaweza kuweweseka kwa sababu hiyo tu. Piriton acheni usiku huu huu, msingoje ruhusa ya mtu.

Tramado msiitupe. Mwili ulioizoea kwa wiki kadhaa ukinyimwa ghafla hupata arosto: jasho, kutetemeka, kuharisha, kukosa usingizi. Mpelekeni mama hospitali leo, na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, za kienyeji zikiwemo. Semeni wazi mlikuwa mnampa vingapi. Aibu ya kuzidisha dozi isiwafanye mumfiche daktari. Daktari ndiye atakayeipunguza tramado, na atampima sodiamu, figo, mkojo, malaria na kukagua kidonda, maana hata maambukizi huleta hali hii. Lakini akilala fofofo mkashindwa kumwamsha, au akapumua polepole mno, au akapata degedege, msimpe kidonge kingine. Kimbieni naye.

Dada yako ajue pia kwamba maumivu yaliyoachwa bila tiba nayo yanavuruga akili. Utafiti wa wagonjwa 541 waliovunjika nyonga, katika hospitali za New York, uliochapishwa 2003, ulikuta waliopewa dawa za jamii ya mofini kwa kiasi kidogo mno waliweweseka zaidi kuliko waliopewa za kutosha. Kwa hiyo mwulizeni daktari kuhusu parasetamoli kwa saa maalumu, si mpaka alie, pamoja na tramado kidogo kwa muda. Msikimbilie diklofenaki: kwa umri wake inaweza kumuumiza tumbo na figo na kupandisha presha.

Labda unahofu kwamba dawa imeshamharibia ubongo moja kwa moja. Huko Seattle, Marekani, watafiti waliwafuatilia watu 3,434 wenye miaka 65 na zaidi kwa miaka kama saba, wakachapisha matokeo 2015. Waliotumia dawa za afyuni kwa wingi kabisa walipata ugonjwa wa kusahau kidogo zaidi ya wengine, lakini hata waliotumia sana dawa za jamii ya diklofenaki ilikuwa hivyo hivyo. Mimi nashuku maumivu ya muda mrefu yenyewe yana mkono humo. Wiki chache za tramado si sababu ya kumwekea mama jina la ugonjwa huo.

Akirudi nyumbani mvalisheni miwani yake, fungueni madirisha mchana, acheni taa ndogo usiku, na akimtaja marehemu msibishane naye. Wengine hutulia kwa siku chache, wengine huchukua wiki. Ikipita miezi mitatu na bado anasahau, hapo ndipo mumpeleke akapimwe kumbukumbu.