Chupa ya Kibwezi Inapoganda Nairobi

Asali uliinunua Kibwezi, kando ya barabara ya Mombasa, ikiwa nyepesi na yenye rangi ya strungi. Sasa ni Julai, uko Nairobi, na chini ya chupa pamekaa chenga nyeupe. Jirani keshatoa hukumu: umeuziwa sukari.

Mara nyingi jirani hukosea. Asali yenyewe ni sukari, hasa glukosi na fruktosi, zilizosongamana katika maji machache, kama asilimia 17 au 18. Glukosi ndiyo hushindwa kuvumilia msongamano: hujitenga, ikawa punje, ikazama. Baridi huiharakisha, hasa ya karibu nyuzi 14. Kibwezi iko karibu mita 900 juu ya bahari na joto lake huzuia kuganda. Nairobi iko karibu mita 1,800, na usiku wa Julai hufikia baridi hiyo bila taabu. Chupa ileile ungeiacha Kibwezi, huenda ingekaa miezi bila kuganda.

Asali iliyoganda huliwa. Mimi huipenda zaidi kwenye mkate, maana haichuruziki. Ukiitaka nyepesi, chemsha maji, epua, yaache yapoe hadi mkono uyavumilie, kisha simamisha chupa humo na kifuniko ukilegeze. Usiibandike motoni: harufu ya maua hupotea, na plastiki hujikunja.

Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asionjeshwe asali yoyote, iliyoganda au nyepesi, hata kwa kikohozi. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na tumbo changa haliwezi kuzizuia kuota.

Kuganda hakuthibitishi kwamba asali ni safi, kwani hata sukari iliyoyeyushwa huganda. Vipimo vya njiti ya kiberiti na tone la maji, vinavyosifiwa sana, navyo havithibitishi kitu. Bora muuzaji unayemjua.

Cha kuchunguza ni kilichobaki juu ya punje. Glukosi ikishazama, asali ya juu huwa na maji zaidi, na yakipita asilimia 20 hamira huamka: povu, kifuniko kilichofura, harufu ya pombe. Wakamba hawahitaji kuelezwa, pombe yao ya kaluvu huanza kwa asali na maji. Asali iliyochacha hivyo usiirudishe mezani.

Pombe ya asali ikiachwa wazi, bakteria huigeuza siki. Siki nayo, iwe ya asali au ya matunda, ikikaa kabatini huweka mashapo, pengine na utando unaoteleza. Utando huo hufumwa na bakteria walewale walioitengeneza siki, na haudhuru. Chuja kwa kitambaa safi, uendelee na achari yako. Ila ukiona juu yake manyoya ya kijani au meusi, hiyo ni kuvu. Mwaga yote, na chupa uioshe kwa maji ya moto kabla ya kuitia kitu kingine.