HITA YA GESI BAFUNI: NILITAKA KUOKOA ELFU AROBAINI, NUSURA NIUE MTEJA

Somo la leo ni kwa wenye gesti, saluni na vyumba vya kupangisha, hasa sisi wa Karagwe na Kyerwa ambako maji ya asubuhi yanauma kama barafu.

Nina gesti ndogo Omurushaka. Zamani tulichemsha maji kwa kuni, mhudumu anaamka saa kumi usiku kubeba ndoo. Mwaka jana nikanunua hita ya gesi, ile isiyo na tangi: ukifungua bomba inajiwasha yenyewe, maji yanapata moto yakiwa yanapita. Fundi akaifunga ndani ya bafu. Aliniambia inahitaji bomba la kutolea moshi, nikakataa. Sikutaka ukuta wangu utobolewe, na nikaokoa elfu arobaini. Nikajiona mjanja.

Wiki ya tatu akaja mnunuzi wa kahawa kutoka Nkwenda, usiku, kachoka. Kwa sababu ya baridi tulikuwa tumeziba dirisha la bafu kwa nailoni. Maji yakamwagika dakika ishirini na zaidi. Tukagonga, kimya. Tukavunja mlango, tukamkuta chini. Tulimtoa nje, tukamkimbiza hospitali, akapona. Sijawahi kuogopa vile.

Waitu, huku kwetu kila mtu anajua usilale na jiko la mkaa chumbani. Hita ya gesi nayo ni jiko, tofauti ni kwamba limetundikwa ukutani. Moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ile harufu ya mtungi unaovuja huwekwa makusudi kwenye gesi ili tushtuke. Hii haina cha kukushtua. Inashika damu, damu inashindwa kubeba oksijeni.

Tupige hesabu. Hita ndogo ya lita 6 kwa dakika, ikiwaka yote, hula karibu kilo 1 ya gesi kwa saa. Kilo 1 inahitaji hewa kama mita za ujazo 12. Kwa dakika 20 ni mita za ujazo 4. Bafu la mita 1.5 kwa 2, kimo mita 2.5, lina mita za ujazo 7.5 tu. Yaani moto unadai zaidi ya nusu ya hewa ya bafu, na mteja yuko humo humo anapumua.

Haya ndiyo niliyobadilisha:

1. Hita iko nje. Nimeifunga ukuta wa nyuma, chini ya paa, upande usiopigwa na upepo wala mvua. Kinachoingia bafuni ni bomba la maji ya moto tu, tena fupi, maji yasipoe njiani. Kwa kuogopa wezi nimeizungushia wavu wa chuma. Usitumie bati, litaziba hewa.

2. Bomba la moshi ni la chuma. La plastiki litayeyuka. Linapanda juu, lina kofia ya kuzuia mvua, na mdomo wake uko mbali na madirisha ya vyumba. Lisiishie darini, moshi utashukia chumba cha jirani.

3. Mtungi uko nje, umesimama wima. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini. Usiuweke shimoni wala karibu na jiko la mkaa.

4. Nakagua kila mwezi. Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano, zima uite fundi. Mpira wa gesi naupaka povu la sabuni. Likitoa mapovu, unavuja. Kwenye bomba la moshi naangalia viota vya ndege na nyigu.

5. Mhudumu anajua dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu. Akiona hivyo, amtoe mtu nje kwanza, afunge gesi, ampeleke hospitali. Namba ya Zimamoto, 114, imebandikwa mapokezi.

Kabla ya kununua, soma kibao cha hita: ni ya ndani au ya nje, na inataka msukumo gani wa maji. Simtank iliyoinuliwa mita 3 inatoa kama baa 0.3 tu, hita nyingine hazitawaka.

Kuhamisha hita, bomba jipya na mlango niliouvunja vilinigharimu mara kadhaa ya ile elfu arobaini. Hela hiyo nitairudisha. Yule mteja angekufa, ningemrudishaje kwao?

Kama una hita bafuni, leo jioni kaitazame. Na umtumie somo hili mwenzako mwenye gesti.