SOMO: MISHIPA YA DAMU YA USO NA MATAYA

Mtoto akianguka juu ya jiwe na mdomo wake ukapasuka, damu hutoka nyingi na watu wote hulia, wakidhani atakufa. Tujifunze damu hiyo inatoka wapi, nasi tutajua la kufanya.

1. Njia ya damu
Moyo husukuma damu shingoni kwa mishipa mikubwa miwili, mmoja kuume na mmoja kushoto. Kila mmoja hugawanyika: tawi la ndani huenda kwenye ubongo, tawi la nje huleta damu usoni. Katika tawi la nje hutoka:
(a) Mshipa wa uso. Kaza meno, nyama ya shavu itavimba. Mbele yake, kwenye ukingo wa chini wa taya, gusa polepole: utausikia unapigapiga. Hupanda kando ya mdomo na pua mpaka pembe ya jicho.
(b) Mshipa wa mataya. Umefichwa nyuma ya mfupa wa taya. Hulisha meno yote. Tawi lake moja huingia ndani ya mfupa wa taya la chini.
(c) Mshipa wa panja. Hupita mbele ya sikio.

2. Kwa nini damu ni nyingi?
Matawi ya kuume na ya kushoto huungana usoni kama vijito. Kwa hiyo mdomo uliopasuka hutoa damu pande zote mbili za jeraha. Lakini damu hiyo ndiyo hulisha nyama, hata jeraha la uso hupona upesi kuliko la mguu.

3. Tufanye nini?
Mketishe, ainame mbele, asimeze damu. Finya jeraha kwa kitambaa safi dakika 10, bila kufunua kutazama. Mdomo uushike kwa vidole pande zote mbili za jeraha. Aliyeng'olewa jino aume kitambaa safi kilichokunjwa dakika 20.
Usifinye shingo, maana utazuia damu ya ubongo. Usitie majivu wala udongo, maana huweza kuleta pepopunda.
Damu isipokoma, au taya likivunjika, mlete hospitali upesi, ukiendelea kufinya njiani.

Maulizo
1. Mshipa wa uso unasikika wapi?
2. Kwa nini tunashika mdomo pande zote mbili?
3. Kwa nini hatufinyi shingo?