Nishati Safi ya Kupikia: Nani Anasimamia Nini?

Watumiaji wengi hudhani kwamba Wizara ya Nishati husimamia kila jambo, hata uzito wa mtungi wa gesi dukani. Sivyo. Wizara hutunga sera: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Sera ya mazingira, ikiwemo hofu ya misitu kuteketea kwa mkaa, iko chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, hivyo ofisi hizi mbili hazina budi kushauriana. Biashara ya gesi hudhibitiwa na EWURA.

Mgawanyo huu unakuhusu unaponunua gesi. Mtungi uliopunjwa humrudisha mpishi kwenye mkaa kabla ya mwezi kwisha. Kagua lakiri, kisha dai mtungi upimwe mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe: ukiwa kilo 7, mtungi wa gesi ya kilo 6 usome kilo 13 kwenye mizani. Ukipungua, usiupokee. Muuzaji asipokusikiliza, wasilisha malalamiko EWURA, si wizarani, ukiwa na risiti yako.